Paka wa Jirani

Uongo wenyewe ulikuwa wa maneno mawili tu.

"Wa jirani," alisema Normand Thibodeau, akavuta pazia la mlango wa jikoni.

Nje ya kioo, kwenye veranda ya nyuma, paka wa rangi ya mdalasini alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele ameibandika kwenye kioo, akilia kama aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Na kweli alikuwa amefungiwa nje ya nyumba yake. Aliingia humo akiwa mdogo wa kutosha kiganjani, na aliyemleta ni marehemu Jeannine, mke wa Normand. Jeannine ndiye aliyempa jina la Cannelle, na ndiye aliyemzoesha kulala juu ya cherehani, kwenye joto la taa.

"Anaonekana anakujua," alisema mgeni.

"Nilimpa samaki siku moja. Tangu hapo sina amani."

Mgeni akacheka. Aliitwa Darlene Whitcomb, mwanamke mrefu mwenye koti lililoganda vinyoya mabegani, na mji mzima wa Lewiston ulimjua. Alichukua ndege waliobaki bila watu: wa waliokufa, wa waliohamia nyumba za wazee, wa waliochoshwa na kelele. Akishawatunza huwatafutia makao mapya, lakini hakupi ndege mpaka afike kwako, aketi jikoni kwako, na anuse vikaango vyako. Vile visivyonata alivitoa nje mwenyewe siku hiyo, kwa kuwa moshi wake huua ndege. Alikuwa amempanua mdomo Capitaine, mbwa mzee wa Normand, akahesabu meno mawili, akasema huyu hana hatari hata kwa uji. Kisha akauliza kama kuna mnyama mwingine humo ndani, na Normand akatikisa kichwa. Ni wakati huohuo Cannelle alipotokea kiooni.

Kwa Normand, kudanganya hakukuwa kawaida. Umri wake wa kazi wote alikuwa mkata ngozi katika kiwanda cha viatu kando ya mto, na alijulikana kwa kukwambia machoni kwamba ngozi uliyoleta haifai hata kiraka. Lakini kwa kinyozi alikuwa amesikia habari ya mtu aliyenyimwa ndege na Darlene, na huyo mtu alikuwa na paka. Na Normand alikuwa tayari amempenda yule ndege.

Walionana naye kwenye mnada wa parokia, ambako Darlene alikuwa amemleta. Alikuwa kasuku mdogo wa kijivu, kishungi cha manjano, mashavu ya rangi ya chungwa kama aliyepakwa kwa kidole. Jina lake Gaston, na aliyekuwa akimfuga alikuwa amekufa. Normand alipita karibu na tundu lake huku akipiga mluzi, mluzi uleule wa kiwandani aliokuwa akipiga akikata ngozi, na nyuma yake mluzi ukaendelezwa pale alipouachia. Akageuka. Ndege akainamisha kichwa akwaruzwe. Ilikuwa imepita miaka miwili tangu Jeannine afariki, na katika miaka hiyo hakuna aliyewahi kumjibu Normand jikoni asubuhi isipokuwa redio.

Basi akasema ni wa jirani. Ili uongo usimame, asubuhi ile alikuwa amemkabidhi Cannelle kwa Fleurette, dada ya Jeannine, aliyekaa ghorofa ya chini ya nyumba ileile. Fleurette naye alidanganywa: aliambiwa mgeni ana pumu ya paka. Ila veranda za nyumba zile zimeungana kwa ngazi za mbao, na Cannelle alizijua ngazi hizo kuliko watu.

Kabla ya kuondoka Darlene aliomba kuona chumba atakachokaa ndege. Kilikuwa chumba cha kushonea cha Jeannine. Aliufunga mlango, ukajifungua taratibu.

"Mlango huu haushiki."

"Umevimba kwa unyevu. Unauinua kidogo, unausukuma kwa goti, unashika."

"Tia komeo."

"Nitatia. Ila hakuna wa kuusukuma, Bibi Darlene. Labda upepo."

Gaston alikuja wiki ile, na Normand akagundua kwamba ndege halishwi mbegu tu. Pamoja naye alikuwa ameleta nyumbani uongo, nao ulitaka chakula chake kila siku. Bakuli la Cannelle, lile la udongo lenye jina lake kwa mwandiko wa Jeannine, lilihamia chini ya sinki, nyuma ya sabuni. Boksi la mchanga likashushwa ghala la chini. Brashi ya manyoya ikawekwa mfukoni mwa koti. Darlene alikuwa na tabia ya kupita bila kupiga simu, mfuko wa mbegu mkononi, na kila gari lake liliposikika Normand alimkumbatia paka na kuteremka naye ngazi za nyuma mbiombio, akihema kama mwizi.

"Shemeji," Fleurette alimwambia siku moja, akimpokea Cannelle kama anayepokea sahani, "hii pumu ya mgeni wako ni ya namna gani? Anakuja amejaa manyoya toka kichwani mpaka viatuni, halafu anashindwa na paka mmoja?"

"Ni ya paka tu."

"Pumu inayochagua."

"Ndivyo daktari alivyomwambia."

"Huyo daktari naye angefaa afugwe." Akamkuna Cannelle shingoni. "Mpe salamu zangu huyo mama yako wa ndege. Mwambie siku moja nitapanda nimwombe anifundishe kuugua."

Normand alicheka, akageukia ngazi. Usoni Fleurette alifanana na dada yake alipokuwa hajaamini jambo.

Lakini asubuhi zilikuwa tamu. Gaston alijifunza mlio wa friji ikiachwa wazi, akajifunza kikohozi cha Capitaine, na Normand alipokuwa akinyoa ndege alikaa juu ya kioo akimsahihisha mluzi. Cannelle alikaa nje ya chumba cha kushonea, pua kwenye upenyo wa chini ya mlango. Hakulia. Alikaa tu, kama mtu anayengoja zamu yake ofisini. Normand alimruka akipita, bila kumtazama. Komeo hakutia. Kila alipotaka kwenda kulinunua alijikuta akifikiri: komeo la nini, wakati hakuna paka? Alikuwa ameanza kujidanganya hata mwenyewe.

Ikafika Jumamosi ya kubariki wanyama. Kila mwaka, majani yakishakuwa mekundu, Padri Bolduc husimama kwenye ngazi za kanisa na ndoo ya maji, na watu huleta walicho nacho: mbwa, sungura, kuku, hata kobe. Baadaye wote huingia ukumbini kula maharage yaliyopikwa usiku kucha kwa nyama na sharubati tamu ya mti wa maple. Jeannine hakukosa hata mwaka mmoja, Cannelle akiwa ndani ya kikapu cha nguo. Baada ya kufa kwake Normand alikibeba kikapu yeye, akiona haya kidogo, na akinamama walimwambia amefanya vizuri.

Mwaka huu hesabu ilimkataa. Akimpeleka paka, Darlene atakuwepo. Akimpeleka ndege bila paka, Fleurette atauliza kwa sauti. Aliwaacha wote wawili nyumbani, akamfunga kamba mbwa.

Fleurette alikuwa chini akipiga honi.

"Kikapu kiko wapi?" aliuliza kupitia dirisha la gari.

"Cannelle ana mafua."

"Sasa mgonjwa ndiye wa kupelekwa, shemeji. Mzima anabarikiwa wa nini?"

"Mwache alale."

"Jeannine angempeleka hata kwa machela."

Honi ililia tena, fupi. Normand alikuwa amerudi juu kuchukua kofia, akapita kwenye chumba cha kushonea, akauvuta mlango. Kuinua hakuinua. Goti hakutia. Aliteremka.

Kwenye ngazi za kanisa alikaa kati ya wanawake wawili kama mtu aliyebeba mayai mawili kwenye kijiko kimoja. Upande huu Darlene, na kasuku mweupe begani, akimwuliza Gaston yuko wapi. Baridi, alisema Normand, nimeogopa baridi. Upande wa pili Fleurette, akizungumza na mwenye kobe, lakini masikio yake hayakuwa kwenye kobe. Padri akamfikia Capitaine, akamwagia maji mpaka mbwa akapiga chafya, watu wakacheka.

"Na paka wa Jeannine?" aliuliza Padri. "Mwaka huu nimemkosa."

Normand alikohoa. Alikohoa kwa nguvu, akainama kumkung'uta mbwa maji, akakung'uta na pasipo maji. Alipoinua kichwa Padri alikuwa amemfikia sungura, na Darlene alikuwa akimtazama. Labda alikuwa akitazama mbwa tu. Lakini hamu ya maharage ilimwishia palepale. Akamwambia Fleurette anakwenda kumkausha Capitaine nyumbani, atarudi.

Alipofungua mlango hakusikia mluzi.

Chumba cha kushonea kilikuwa wazi. Tundu lilikuwa limeanguka kwa ubavu, mbegu zimetapakaa mpaka chini ya cherehani, na juu ya cherehani, mahali pake pa siku zote, Cannelle alikuwa amekaa akilamba mguu. Gaston alikuwa ndani ya tundu, kwenye kona ya ndani kabisa, amevimba manyoya, macho nusu yamefumbwa. Alikuwa hai. Normand akamtoa kwa mikono miwili, akampuliza manyoya chini ya bawa, akaona kitobo kidogo na tone la damu, dogo kama mbegu ya ufuta.

Alifarijika. Baadaye hicho ndicho alichokionea aibu kuliko vyote, kwamba alifarijika. Tone moja tu, alijiambia. Alisafisha kwa maji ya vuguvugu na chumvi. Alimweka ndani ya boksi la viatu, na kwa mtu wa kiwandani maboksi ya viatu hayaishi, akamfunika kwa soksi ya sufu. Alimngoja apige mluzi. Alipiga mluzi yeye, nusu ya kwanza, akaiachia nafasi nusu ya pili. Gaston hakuijaza.

Akampigia Darlene simu. Nyuma ya sauti yake palisikika vijiko na vicheko vya ukumbini.

"Gaston amekwaruzwa kidogo."

"Na nini?"

Cannelle alikuwa ameshuka kwenye cherehani, sasa anajisugua miguuni mwake.

"Mbwa," alisema Normand.

"Capitaine? Kwa meno gani?"

"Kwa kucha. Alitaka kucheza tu."

"Haya." Darlene alishusha pumzi. "Mbwa afadhali. Mweke penye joto, penye giza. Nitapita kesho asubuhi baada ya misa nimwangalie. Ingekuwa paka ningekwambia uvae viatu sasa hivi. Paka hata akigusa kwa ukucha mmoja, uchafu wa mate yake unaingia kwenye damu, na ndege haoni kesho. Wengi wanamwona mzima jioni, wanamkuta ameanguka asubuhi. Lakini mbwa, hapana. Usiogope. Njoo ule, nimekuwekea sahani."

Simu ikakatika.

Normand alisimama jikoni, na kila alichokitaka alikuwa nacho. Darlene hajui. Fleurette hajui. Mpaka kesho asubuhi hakuna mtu atakayemwuliza neno. Ilimpasa kunyamaza tu, na kwa kunyamaza hakuwa na shida. Capitaine, aliyesingiziwa, alikuwa amelala chini ya meza na maji ya baraka bado masikioni, akipiga mkia kila Normand alipomtazama. Ndani ya boksi soksi ilipanda na kushuka, haraka, haraka mno.

Alivaa viatu.

Ukumbi wa parokia ulikuwa umejaa. Alipita katikati ya meza, boksi kifuani, na watu walimwita: "Normand, umetuletea viatu?" "Namba tisa, mimi." Darlene alikuwa meza ya mwisho, na aliyekaa mkabala naye, mkate mkononi, alikuwa Fleurette. Kwa jinsi walivyokaa walikuwa wameshazoeana.

"Nilikwambia kesho," alisema Darlene. Kisha akauona uso wake, akaweka kijiko.

"Si mbwa," alisema Normand. "Ni paka."

Alisema kwa sauti ndogo, lakini ukumbi una tabia ya kunyamaza pale mtu anapotaka usinyamaze.

Darlene alikuwa tayari amesimama, anavaa koti. "Paka gani? Yule wa jirani? Ameingiaje?"

Normand angeweza kusema ndiyo. Hata hapo bado mlango ulikuwa wazi kidogo, na paka wa jirani angeweza kupita, na Gaston angefika kwa daktari vilevile. Aliliona hilo waziwazi. Alimwona pia Fleurette, mkate umesimama katikati ya sahani na mdomo.

"Si wa jirani. Wangu. Alikuwa wa Jeannine, sasa ni wangu. Alikuwa wangu siku ile nyuma ya kioo."

"Cannelle?" alisema Fleurette. "Ulisema Cannelle ni wa jirani?"

"Shemeji..."

"Na pumu?"

"Pumu gani?" aliuliza Darlene.

Fleurette alimtazama Darlene, kisha Normand, kisha akauweka mkate chini polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Uso wote ulikuwa wa dada yake. Normand alitamani sakafu ya ukumbi ipasuke immeze na boksi lake, ila boksi lingeumia.

"Gari langu liko karibu," alisema Darlene. "Twende Portland, kwa daktari wa ndege. Njiani usiseme kitu, mpigie mluzi tu asilale."

Lakini njiani aliyesema alikuwa Darlene mwenyewe, macho barabarani.

"Nani alikwambia siwapi ndege wenye paka?"

Normand alimtaja yule mtu wa kwa kinyozi.

"Huyo nilimnyima kwa sababu anavuta sigara kama treni, ndani, madirisha yamefungwa. Paka wake hakunisumbua. Mimi nina paka watatu, Normand."

Normand aliivuta soksi juu ya ndege.

"Watatu. Na ndege kumi na wanne. Nina makomeo. Ungesema una paka, siku ile ningetia komeo mwenyewe, nilikuwa nalo garini."

Alisema hivyo bila hasira, na hilo ndilo lililomkata. Mtu akikupigia kelele una pa kujikinga. Normand aliinama juu ya boksi akapiga mluzi, midomo imekauka, sauti ikitoka hewa tupu.

Daktari wa ndege alimdunga Gaston sindano, akasema wamefika kwa wakati unaoweza kufaa, ahadi hatoi. Ndege angekaa kwa Darlene, ambaye alijua kumpa dawa. Waliyapanga hayo mbele ya Normand bila kumwuliza, na Normand aliona ni haki.

Alipofika nyumbani hakumkuta Cannelle chumbani, wala jikoni. Aliteremka ngazi za nyuma. Fleurette alifungua mlango kiasi cha uso tu.

"Yuko kwako?"

"Paka wa jirani amelala," alisema Fleurette. "Usiku mwema, jirani."

Akafunga. Tangu alipomwoa Jeannine, hakuwahi kuitwa na mwanamke huyu neno jingine zaidi ya shemeji, hata walipogombana kuhusu jeneza la marehemu. Alipanda ngazi taratibu. Aliketi jikoni na mbwa wake, na redio hakuiwasha.

Kesho yake alikwenda dukani akanunua komeo. Alilitia kwenye mlango wa chumba cha kushonea, akauranda ule mlango chini mpaka ukafunga bila goti. Kisha akapiga magoti mbele ya sinki, akatoa bakuli nyuma ya sabuni. Lilikuwa limeota ukoko. Alilisugua muda mrefu, akienda polepole penye jina, na akalirudisha mahali pake karibu na jiko, mahali ambapo yeyote aingiaye angeliona kwanza. Ndipo akateremka.

"Nani?" alisema Fleurette nyuma ya mlango, ingawa alikuwa amemwona dirishani.

"Nimekuja kumchukua paka wangu."

Mlango haukufunguka.

"Nilimkana mara nyingi, Fleurette. Si siku moja. Kila gari lilipokuja."

"Najua. Mimi ndiye niliyekuwa nampokea." Mlango ukafunguka. Cannelle alitoka, akampita Normand bila kumgusa, akapanda ngazi mbele yake.

Wiki ilipokaribia kwisha Darlene alipiga simu. Gaston alikuwa ameanza kula, na asubuhi hiyo alikuwa ameiga friji.

"Nitapita Jumamosi," alisema. "Sikwambii namleta. Nakuja kuangalia mlango."

Jumamosi Normand alifagia, akaacha kufagia, akaona kwamba alikuwa akifagia manyoya ya paka, akayaacha. Fleurette alipanda na birika lake, eti chai yake ni bora kuliko ya kwake, akaketi mezani bila kukaribishwa. Hakuwa amemwita jirani tena, wala shemeji. Alimwita "wewe."

Gari likasikika. Miguu ya Normand ilisogea yenyewe kuelekea kwa paka, mikono ikaanza kufunguka kumbeba, na akaizuia kwa nguvu. Fleurette aliliona hilo. Darlene aliingia mikono mitupu. Chini, kwenye kiti cha gari, kulikuwa na kitu kimefunikwa shuka, na kutoka humo, hafifu, ulipanda nusu ya kwanza ya mluzi.

Normand hakuthubutu kuujibu.

Cannelle alikuwa amekaa katikati ya jikoni, karibu na bakuli lake, mkia umezunguka miguu. Darlene alimtazama, akatazama bakuli, akasoma jina.

"Na huyu," alisema, "wa nani?"

Hakuwa akitania. Fleurette aliacha kukoroga chai.

Wiki nzima Normand alikuwa amejiambia kwamba mara ya pili itakuwa rahisi. Damu ilimpanda masikioni kama mara ya kwanza.

"Wangu," alisema.

"Haya," alisema Darlene. "Nionyeshe komeo."